Namna ya Kusoma Mchoro wa Jumba la Kale la Kiingereza na Bustani Yake: Mwongozo Kamili

Mwezi wa Julai 2018 ukame uliikausha Uingereza hadi nyasi zikawa rangi ya mchanga. Kwenye uwanja wa kusini wa jumba la Chatsworth, huko Derbyshire, ikaanza kujitokeza mistari na miduara ambayo hakuna aliye hai aliyewahi kuizoea: bustani ya maua iliyotandazwa mwaka 1699, kisha ikafunikwa kwa nyasi katika karne ya 18. Udongo wa njia za zamani na udongo wa vitalu haushiki maji kwa kiasi kimoja, ndiyo maana nyasi zilizo juu yake hazikukauka kwa kasi moja. Mvua iliporudi, bustani ikapotea tena. Lakini sura yake ilikuwa imeshahifadhiwa mahali pengine. Leonard Knyff, Mholanzi aliyehamia London, alikuwa ameichora. Mwenzake Johannes Kip akauchonga mchoro huo kwenye bamba la shaba, na chapa yake ikatoka mwaka 1707.

Bustani za aina hiyo, zenye njia zilizonyooka, vitalu vilivyopimwa kwa kamba, wigo uliokatwa kwa mkasi na maji yanayopita yanakoelekezwa, zilizunguka majumba ya matajiri wa Kiingereza hasa kati ya miaka ya 1660 na 1730. Nyingi hazipo tena. Ladha ilibadilika. Lancelot Brown, mpangaji wa bustani aliyejulikana zaidi kwa jina la utani Capability, na wengine wa wakati wake walizing'oa wakaweka vilima vya nyasi, maziwa, na miti iliyotawanyika kana kwamba imejiotea. Kwa bustani kadhaa, shahidi mkubwa aliyebaki ni mchoro. Shahidi huyo alilipwa ili aseme, na ni lazima ahojiwe kwa uangalifu. Hata hivyo ameshuhudia mengi kuliko aliyolipiwa, na hayo ndiyo ninayotaka ujifunze kuyaona.

Mwongozo huu ni kwa yeyote: mwanafunzi wa sanaa, mtu anayeishi Uingereza na kutembelea majumba haya mwisho wa wiki, au mwenye simu na muda wa jioni. Vifaa ni penseli, rula, karatasi ya miraba na nakala nzuri ya mchoro. Tenga saa tatu kwa mchoro mmoja. Ukiharakisha utaona jumba tu.

Hatua ya 1: Chagua mchoro mmoja na upate nakala safi

Kwa mwanzo napendekeza mojawapo ya mitatu ifuatayo.

Wa kwanza ni mchoro wa rangi za mafuta wa jumba la Wollaton, Nottingham, uliochorwa na Jan Siberechts mwaka 1697. Siberechts alizaliwa Antwerp mwaka 1627, akaja Uingereza katika miaka ya 1670, na humo akawa fundi mkubwa wa kuchora majumba na mashamba ya wenye mali. Mchoro huu uko Yale Center for British Art, New Haven, Marekani. Taasisi hiyo hutoa bure picha za kazi zake zilizokwisha muda wa hakimiliki, tena kwa ukubwa unaokuwezesha kuvuta hadi kwenye kofia ya mpanda farasi.

Wa pili ni mfululizo wa michoro minane ya bustani ya Hartwell, Buckinghamshire, iliyochorwa na Balthasar Nebot mwaka 1738. Imo katika makumbusho ya kaunti hiyo mjini Aylesbury, na inapatikana pia kwenye tovuti ya Art UK, inayokusanya picha za michoro inayomilikiwa na umma kote Uingereza.

Wa tatu si wa rangi. Ni chapa ya Kip ya bustani ya maji ya Westbury Court, Gloucestershire, iliyochapishwa mwaka 1712. Anayependa kupima na kuhesabu aanze na huu, kwa kuwa mistari ya bamba la shaba ni myembamba na haimfichi mtu chochote.

Usifanye kazi na nakala ndogo. Kama ukivuta picha huwezi kutofautisha mtu na kichaka, tafuta nyingine.

Hatua ya 2: Uliza nani aliagiza, na fedha zilitoka wapi

Anza hapa kabla hujaangalia ua hata moja. Hakuna mchoraji aliyejitwika turubai akaenda kuchora jumba la mtu kwa mapenzi yake. Mwenye jumba alimwita, akamlaza, akamlipa, na akatarajia kuona kila alichokijenga, kila alichokipanda, na wakati mwingine kila alichokusudia kukipanda. Chapa za Knyff na Kip nazo zilitegemea wenye majumba waliochangia gharama. Ndiyo sababu nembo ya ukoo huwekwa wazi kwenye chapa, pamoja na jina na cheo cha mwenye mali. Soma maandishi hayo kwanza, uyanakili.

Tuchukue Wollaton. Jumba lilijengwa kati ya 1580 na 1588 kwa ajili ya Sir Francis Willoughby, ambaye ukoo wake ulichimba makaa ya mawe katika ardhi yake mwenyewe. Fundi wake anatajwa kuwa Robert Smythson. Kaburi lake katika kanisa la Wollaton linamtaja kuwa msanifu na msimamizi wa jumba hilo. Jumba likaungua mwaka 1642, likakaa miaka mingi bila mwenyewe kuishi humo. Mwaka 1687 wakarudi vijana wawili wa ukoo huo, Francis na dada yake Cassandra, ambaye alikuwa na umri wa miaka 17 tu. Cassandra aliandika kwamba wazo la kuwa bibi wa jumba la Wollaton lilimfurahisha sana. Francis alifariki mwaka uliofuata. Ndugu yao Thomas akarithi, na kazi ya kulitengeneza jumba na bustani ikaendelea naye pamoja na Cassandra. Baba yao, aliyekufa wakiwa wadogo, alikuwa Francis Willughby, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya ndege Ulaya. Alisafiri na kufanya utafiti pamoja na John Ray, mtaalamu wa mimea na wanyama.

Ukishajua hayo, mchoro wa 1697 unabadilika machoni pako. Unaona ukoo ukitangaza kwamba umerudi, miaka kumi baada ya kuikuta nyumba ikiwa imeachwa. Njia mpya, kuta mpya na nyasi zilizosawazishwa zote zinasema hivyo. Thomas alipewa cheo cha Baroni Middleton mwaka 1712. Mchoro ulimtangulia cheo kwa miaka 15, na mimi naamini ulisaidia kumwandalia njia.

Swali la fedha lina upande mzito zaidi. Kip alichonga pia Dyrham Park, jumba la William Blathwayt karibu na Bath, na chapa hiyo ni ya kustaajabisha: matuta ya bustani yanapanda kilima, maji yanashuka kwa ngazi ndefu. Blathwayt alikuwa mkaguzi mkuu wa mapato ya makoloni ya Kiingereza ng'ambo kuanzia 1680, wakati ambapo mapato hayo yalitegemea jasho la Waafrika waliofanywa watumwa. Miongoni mwa vitu vya jumba lake kuna sanamu mbili za Waafrika waliopiga magoti wakiwa na minyororo, kila mmoja ameshika bakuli la umbo la kome. Mwaka 2020 shirika la National Trust, linalotunza majumba mengi ya kale Uingereza, lilitoa ripoti iliyotaja majumba na maeneo 93 chini yake yenye uhusiano na ukoloni au utumwa. Msomaji Mwafrika asione haya kuuliza swali hili mbele ya chapa nzuri. Tafuta jina la mwenye jumba, kazi yake, ndoa yake na mashamba yake ya ng'ambo, kisha uandike ulichopata juu ya karatasi yako. Uzuri wa bustani hautapungua kwa kuujua msingi wake. Utakuwa umeuona mchoro mzima.

Hatua ya 3: Tafuta jicho liko wapi

Sasa jiulize: ili kuona jumba hivi, mchoraji angesimama wapi? Mara nyingi jibu ni angani. Michoro mingi ya wakati huo inaangalia chini kutoka juu kama ndege, ilhali mwanadamu hakupaa kwa puto hadi mwaka 1783 huko Paris. Siberechts na Knyff hawakuwahi kuona wanachokionyesha. Walitembea ardhini wakihesabu hatua, wakapima kuta kwa kamba, wakachora sura ya jumba kutoka mbele na ubavuni, wengine wakipanda mnara wa kanisa au kilima cha jirani, halafu wakarudi ndani na kujenga juu ya karatasi jicho ambalo halikuwahi kuwapo.

Hilo lina matokeo mawili ya vitendo. La kwanza, sehemu mbalimbali za mchoro huenda zina macho mbalimbali. Tumia rula: fuatisha kingo za paa na za ukuta wa bustani zinazokwenda mbali, uone zinakutana wapi. Zikikutana mahali pamoja, mchoraji alijenga kwa kanuni moja. Zikikutana mahali tofauti, jumba lilichorwa kwa jicho la chini na bustani kwa jicho la juu, ili jumba lisionekane fupi huku bustani ikifunguka yote. La pili, chochote kilicho nyuma ya jumba kiangalie kwa tahadhari, kwani huko ndiko mchoraji alikokuwa huru zaidi kuongeza kilima, mto au mji.

Nebot alifanya kinyume. Katika michoro ya Hartwell jicho limeshuka hadi kimo cha mtu anayetembea. Hapo unapoteza ramani, unapata urefu wa wigo, giza la kivuli chake, na mwanga unaopenya kwenye matao yake. Ukitaka kujua bustani ilipangwaje, nenda kwa Kip. Ukitaka kujua ilikuwaje kutembea ndani yake, Nebot hana mshindani.

Hatua ya 4: Pata dira na saa kutokana na kivuli

Tafuta kanisa. Majumba mengi ya Kiingereza yana kanisa la kijiji karibu, na makanisa ya kale ya huko yalijengwa madhabahu ikiwa upande wa mashariki na mnara mara nyingi magharibi. Ukilipata, umepata dira ya mchoro mzima. Weka alama ya kaskazini kwenye karatasi yako.

Kisha angalia vivuli. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam ajihadhari, kwa kuwa kwetu kivuli cha adhuhuri huanguka kusini mwezi Juni na kaskazini mwezi Desemba. Uingereza kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima, na jua halifiki utosini kamwe. Mjini Nottingham, katikati ya Juni, jua la adhuhuri hufika nyuzi 60 hivi. Mtu wa mita 1.7 hutoa kivuli cha karibu mita 1. Mwezi Desemba jua hilohilo halivuki nyuzi 14, na kivuli chake hufika mita 7. Kwa hiyo urefu wa kivuli cha mtu aliyesimama unakupa kidokezo cha msimu au saa, na upande kilikolalia unakwambia kama ni asubuhi au jioni.

Usichukulie kuwa ni hukumu. Wachoraji walimulika jumba kwa namna iliyolipendeza. Ukikuta uso wa kaskazini wa jumba unang'aa jua la mchana, umemkamata mchoraji akitumikia uzuri badala ya jiografia. Liandike jambo hilo. Linakuonyesha ni uso upi ambao mwenye jumba alitaka usifiwe.

Hatua ya 5: Chora mifupa ya bustani

Weka karatasi ya miraba mbele yako na uache maua, watu na anga. Chora mstari unaotoka mlango mkuu wa jumba na kupita katikati ya bustani. Huo ndio uti wa mgongo. Katika bustani za wakati huu kila kitu hujipanga kwa mstari huo: kilichopo kushoto hurudiwa kulia. Palipo na tofauti, simama. Mara nyingi tofauti inatokana na mwinuko wa ardhi, ukuta wa zamani zaidi, au jirani aliyekataa kuuza shamba lake.

Baada ya uti, chora mipaka ya vitalu. Hapa kuna kipimo kizuri ambacho si cha kubahatisha. Kitalu cha mstatili kikitazamwa kwa pembe kutoka juu huonekana kimepinda, na katikati yake hasa haionekani kwa macho. Chora mistari miwili kutoka kona hadi kona ya pili. Mahali inapokatana ndipo katikati ya kweli ya kitalu ardhini, hata kama kwenye karatasi panaonekana si katikati. Sasa tazama chemchemi au sanamu iko wapi. Ikikaa penye makutano hayo, mchoraji alipima. Ikiwa mbali, ama alikisia, ama kitalu hicho si mstatili kama ulivyodhani. Fanya hivyo kwa vitalu vitatu au vinne, na utajua kiasi cha kumwamini.

Halafu taja kila sehemu. Karibu na jumba utakuta vitalu vya urembo, ambavyo nakshi zake huchorwa kwa boksi, kichaka kifupi chenye majani ya kijani mwaka mzima, huku nafasi za katikati zikijazwa mchanga au kokoto za rangi. Usitarajie maua mengi. Kilichotafutwa ni umbo, na umbo lilitakiwa kuonekana hata Januari. Vinavyosimama kama koni, mapipa na mipira ni miti iliyokatwa kwa mkasi, mara nyingi mti wa yu, wenye majani membamba ya kijani mwaka mzima. Miti ndani ya masanduku au mapipa ni michungwa na jamaa zake. Hiyo ni dalili bora ya msimu kuliko kivuli: ilitolewa nje miezi ya joto tu, na baridi ilipokuja ikarudishwa kwenye nyumba yake yenye madirisha makubwa. Ukiiona nje, mchoro unadai kuwa ni majira ya joto.

Kuta za matofali si za ulinzi tu. Huhifadhi joto la jua, na miti ya matunda ilitandazwa juu yake matawi yakiwa yamefungwa. Mfereji mrefu ulionyooka ni alama ya ladha ya Kiholanzi, iliyopata nguvu zaidi baada ya William wa Orange, mtawala wa Uholanzi, kuchukua kiti cha enzi cha Uingereza na mkewe Mary mwaka 1689. Barabara pana zenye safu za miti zinazotawanyika kutoka jumba hadi upeo wa macho zinatoka Ufaransa, kwa mfano wa jumba la kifalme la Versailles na mpangaji wa bustani yake André Le Nôtre. Kwenye jumba moja la Kiingereza utakuta vyote viwili, na si kosa.

Mwisho wa hatua hii, pima kitu kimoja. Chagua mtu aliyesimama kando ya wigo, mkadirie mita 1.7, hesabu mara ngapi kimo chake kinaingia katika kimo cha wigo. Kwa Nebot utashangaa. Kwa michoro ya kutoka juu jihadhari, kwani watu mara nyingi wamepunguzwa ili uwanja uonekane mpana.

Hatua ya 6: Tafuta wanaofanya kazi

Hatua hii naipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Ukishamwona bwana na bibi wanaotembea na mbwa wao, waache. Tafuta mgongo ulioinama.

Nebot, aliyekuwa na asili ya Kihispania, mwaka 1737 alikuwa amechora soko la Covent Garden, London, pamoja na wauzaji na wachukuzi wake. Mwaka mmoja baadaye akaajiriwa kuchora Hartwell, mali ya Sir Thomas Lee, akaenda na macho yaleyale ya sokoni. Ndani ya bustani ya bwana akaweka wanaume wanaokata nyasi kwa mundu mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili, wanawake wanaokusanya nyasi zilizokatwa, na rola nzito ya kusawazishia uwanja. Kwa hiyo tunajua jinsi uwanja laini kama ule ulivyopatikana, kwa kuwa mashine ya kukatia nyasi haikuwapo hadi Edwin Budding alipopata hataza yake mwaka 1830. Kila nusu ekari ya kijani unayoiona katika michoro yote ya kabla ya hapo ilikatwa kwa mikono au ililiwa na mifugo. Kazi hiyo ilifaa kufanywa alfajiri nyasi zikiwa na umande, maana mundu hukata vizuri jani lenye unyevu. Rudi kwenye vivuli vyako vya Hatua ya 4: je, wakataji wamechorwa kwenye mwanga mrefu wa asubuhi, au mchoraji amewaleta mchana ili waonekane pamoja na mabwana?

Orodhesha kila mfanyakazi: anafanya nini, ana chombo gani, yuko umbali gani na wenye jumba, amevaa nini. Mara nyingi majina yao hayako popote kwenye mchoro, ila daftari za hesabu za majumba huwataja. Orodha yako itakuwa na thamani kwa mtu yeyote atakayezisoma daftari hizo.

Kisha jiulize ni watu wangapi walihitajika kwa wigo wote uliouchora katika Hatua ya 5. Yu hukatwa angalau mara moja kwa mwaka, na katika bustani kubwa kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Levens Hall, huko Cumbria, ambako Guillaume Beaumont alianza kupanda bustani yake mwaka 1694, bado ina miti iliyochongwa maumbo, na wakulima wake bado wanaikata kila mwaka. Gharama hiyo, pamoja na ladha, ndiyo iliyoziua bustani nyingine. Nyasi zinazoliwa na kondoo hazihitaji mkasi.

Hatua ya 7: Weka tarehe

Kama mchoro una tarehe na sahihi, bado thibitisha. Madirisha yanayoteleza juu na chini yalianza kuenea Uingereza mwishoni mwa karne ya 17; uso wenye madirisha hayo kwenye jumba la miaka ya 1580 umebadilishwa. Hesabu pia madirisha yenyewe. Mwaka 1696 ilianzishwa kodi ya madirisha, iliyodumu hadi 1851, na jumba la kioo kingi kama Wollaton lilipochorwa mwaka 1697 lilikuwa linaonyesha kwamba mwenyewe haoni taabu kuilipa.

Miti ni saa nyingine. Safu ya miti midogo iliyopangwa sawasawa kama vitone imepandwa karibuni, au haijapandwa bado. Miti mikubwa isiyo na safu huenda ni mabaki ya mbuga ya kuwindia ya zamani zaidi. Bustani iliyojaa koni na mapipa ya yu huelekea kuwa ya kabla ya miaka ya 1720, kwani mwaka 1713 mshairi Alexander Pope aliidhihaki mitindo hiyo katika gazeti la London, na wapangaji wa bustani wakaanza kuiacha. Lakini Nebot alichora wigo wa Hartwell miaka 25 baada ya hapo, ungali umesimama na kutunzwa vizuri. Mitindo haifi siku moja, hasa mbali na mji mkuu. Ndani ya miongo michache, Hartwell nayo ikageuzwa kuwa mandhari ya nyasi na maji.

Hatua ya 8: Jaribu mchoro dhidi ya ardhi

Sasa fungua picha za setilaiti za mahali penyewe. Geuza picha hadi kaskazini yake ilingane na alama uliyoiweka. Tafuta vitu ambavyo havihami kirahisi: ukuta wa matofali, mfereji, tuta, kanisa, barabara. Vitatu vikilingana na mchoro wako wa mifupa, una msingi wa kupima mengine.

Baada ya hapo nenda kwenye ramani za kale. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni bure ramani za karne ya 19 za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa la Uingereza, zikiwemo za England. Mabaki ya barabara za miti huonekana humo hata kama yamekatwa leo. Idara ya mazingira ya England nayo hutoa bure vipimo vya lida, yaani ardhi iliyopimwa kwa mwali wa leza kutoka kwenye ndege. Humo matuta ya bustani zilizofutwa hujitokeza chini ya nyasi hata mwaka wenye mvua.

Westbury Court inaonyesha kazi hii inaweza kufika wapi. Maynard Colchester alianza bustani hiyo ya maji mwaka 1696. Jumba lenyewe lilibomolewa, mifereji ikajaa tope, na ilipofika miaka ya 1960 mahali hapo palikuwa hatarini kupotea kabisa. National Trust ikapachukua mwaka 1967. Wakiwa na chapa ya Kip mkononi na daftari za hesabu za Colchester zilizoandika miti aliyonunua, wakazibua mfereji mrefu, wakajenga upya banda lake refu la kutazamia maji, na wakapanda tena wigo. Chapa iliwapa umbo. Daftari zikawapa majina ya mimea. Hakuna kimoja ambacho kingetosha peke yake.

Kwenye jumba la kifalme la Hampton Court walikwenda mbali zaidi. Ili kuirudisha bustani ya faragha ya mfalme William wa Tatu, yule William wa Orange, katika hali yake ya mwaka 1702, waakiolojia walichimba na kukuta alama za vitalu vya kale ardhini, wakazilinganisha na hati na michoro, na bustani ikafunguliwa tena mwaka 1995.

Wewe huchimbi, ila unaweza kuandika unacholinganisha. Gawanya ukurasa sehemu tatu: yaliyo kwenye mchoro na yamethibitika ardhini, yaliyo kwenye mchoro na hayajaonekana kokote, na yaliyo ardhini ambayo mchoraji hakuyaonyesha. Sehemu ya tatu huwa fupi na ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Tafuta humo nyumba za wafanyakazi, zizi, shimo la makaa, kijiji kilichohamishwa ili barabara ya miti inyooke. Kwa Wollaton, anza na migodi: ilikuwa upande gani wa jumba, na je, kutoka mahali Siberechts alipoliweka jicho lake, ingeweza kuonekana?